Ngome ya Chake Chake: Nusu Iliyobaki

(Maneno niliyoyazungumza katika mkutano wa jumuiya yetu hapa Downsview, Toronto. Nimeyaandika kwa ajili ya wale ambao hawakuweza kufika, na nimeyaacha nje yale mengi niliyokatizwa nayo.)

 

Nnajua ajenda ya leo ina jambo moja tu la maana, nalo ni akiba ya jumuiya na wapi tuipeleke. Wengi wenu mumekuja na jibu tayari, spitali ya Chake, na tokea nilipoingia mlangoni munanitazama mimi kwa sababu mimi ni nesi na munategemea niwe wa mwanzo kuunga mkono. Basi nimekuja kuzungumzia ngome. Na nikisema ngome ya Pemba musidhani nnazungumzia uchaguzi, maana kwenye magazeti kisiwa chetu tokea 1995 hakijaitwa jina jengine ila ngome ya chama hiki au kile. Mimi nnazungumzia ngome ya mawe na chokaa, ile iliyopakana na spitali, ambayo kila mmoja wetu aliyekulia Chake ameipita maelfu ya mara bila ya kuinua macho.

Kwa ndugu zetu wa Mombasa na Lamu waliomo humu ndani, nielezee kidogo. Chake Chake imekaa juu ya vilima, na chini yake kuna mkono wa bahari ulioingia ndani, umejaa mikoko. Ngome ilijengwa huko juu. Maandishi ya karne ya 19 yanaieleza kuwa ilikuwa ya pembe nne na kila pembe ina mnara, miwili ya duara na miwili ya mraba, yote imeezekwa makuti. Ile ya duara ni ujenzi wa pwani yetu na wa Waarabu. Ile ya mraba ndiyo inayowafanya wataalamu waseme kwamba huenda chini yake kuna misingi ya Wareno. Kwa jumla inahesabiwa kuwa ni ngome ya karne ya 18, zama ambazo Pemba ilikuwa chini ya Mazrui wa Mombasa. Na Mazrui walikitaka nini kisiwa chetu? Walitaka mpunga. Pemba ilikuwa ndiyo ghala la chakula la Mombasa, na mwenye kulishika ghala hulijengea boma. Katika miaka ya 1820 Seyyid Said aliwatoa Mazrui Pemba, na mwaka 1837 Mombasa nayo ikawatoka.

Mwaka 1890 ukaja utawala wa Kiingereza. Mwanzoni mwa karne ya 20 ikatakiwa spitali Chake, na sehemu kubwa ya ngome ikavunjwa ili ipatikane nafasi ya kuijenga. Kilichobaki leo ni kipande cha ngome na mnara mmoja wa mraba, na ndani ya kipande hicho ndimo yalimo Makumbusho ya Pemba.

Kwa hivyo huu ugomvi wa leo usiku, ngome au spitali, ulikwisha kuamuliwa zaidi ya miaka mia iliyopita na ngome ikashindwa. Mimi nimezaliwa ndani ya spitali ile. Mama yangu, ambaye yumo humu na ananikunjia uso, alinizaa mahali ambapo palikuwa ukuta wa Mazrui. Sina kinyongo hata kidogo. Lau ningelikuwepo siku ile na nikaulizwa, mama mjamzito au mnara, ningelijibu mama mjamzito, na ningelijibu hivyo hivyo leo. Lakini nusu iliyobaki haimzuilii mtu kitanda. Kuiacha ianguke hakumwokoi mgonjwa hata mmoja. Hilo nnaomba tulielewe kabla ya kuendelea, kwa sababu kuna hoja moja inayopendwa sana katika mikutano yetu, hoja ya "mawe au dawa", kama kwamba mtu akinunua debe la chokaa basi chupa ya dripu imekatika.

Nizungumze na dawa basi, maana hiyo ndiyo kazi yangu. Munataka tununue mashine zilizotumika huku, tuzitie kwenye kontena, tuzipeleke. Ni nia njema na nnaiheshimu. Lakini umeme wa Canada ni wa volti 120, wa kwetu ni 230. Mashine ukiichomeka vivi hivi inaungua siku ile ile ya sherehe. Tuseme umepata transfoma. Mashine ya maabara inataka dawa zake maalumu kila mwezi, kitanda cha umeme kinataka vipuri, na vyote hivyo vinataka fundi anayezijua. Kila nesi aliyefanya kazi Afrika amewahi kuona chumba kimejaa misaada iliyofunikwa shuka, na juu ya shuka vumbi. Hakuna aliyeiba, na hakuna aliyehujumu. Tatizo ni kwamba waliotoa walitoa kitu, hawakutoa matunzo ya kitu.

Na ngome inakufa kwa maradhi hayo hayo. Mgonjwa aliyelala muda mrefu, kama munavyojua mulio na wazee majumbani, hapati kidonda cha mgongo kwa sababu ya bahati mbaya. Anakipata kwa sababu hakugeuzwa. Huku tunawageuza kila baada ya saa mbili, usiku na mchana, na hakuna mtu anayekuja kupiga picha ya nesi anayemgeuza mgonjwa. Ukuta wa mawe ya matumbawe uliojengwa kwa chokaa nao ni mgonjwa wa aina hiyo. Unavuta maji na unayatoa, unapumua. Masika ikija, maji yakaingia kwa juu palipobomoka, na mbegu ya mti ikaangushwa na ndege kwenye ufa, basi kazi imeanza. Mche wa mwaka wa mwanzo unaung'oa kwa vidole viwili. Wa mwaka wa kumi ukiung'oa unatoka na ukuta. Halafu hapo ndipo anapokuja mtu mwenye nia njema na mifuko ya saruji. Saruji ni ngumu, haipumui. Maji yaliyokwisha kuingia yanakosa pa kutokea, chumvi inakusanyika kwa ndani, lipu inavimba, na siku inapobanduka inachukua uso wa ukuta wa zamani. Jengo lililosimama miaka mia mbili na zaidi kwa chokaa linaweza kuharibiwa kwa mfadhili mmoja wa saruji. (Naona mzee wangu pale nyuma amekwisha kuinua mkono. Nitakuja kwako, mzee.)

Munasema hii ni nadharia ya binti aliyesoma. Haya, tutazame majengo yaliyopo.

Mimi niliondoka Pemba mwaka 2001 nikiwa na miaka kumi na mbili, baada ya yale ya Januari, na humu ndani hakuna haja ya kueleza ni yapi. Tulivuka kwenda Shimoni kama wenzetu wengi, kisha Mombasa. Ndipo nilipoiona Fort Jesus kwa mara ya kwanza, na baba, Mungu amrehemu, akaniambia: "Waliokaa humu ndio waliojenga ile ya kwenu." Mimi nikadhani ananitania. Fort Jesus ilianzwa na Wareno mwaka 1593, ramani akaichora Giovanni Battista Cairati, na Waomani wakaitwaa 1698 baada ya kuizingira kwa zaidi ya miaka miwili. Waingereza wakaigeuza jela kutoka 1895 hadi 1958. Kisha zikaja fedha za taasisi ya Gulbenkian ya Ureno, James Kirkman akachimba na kutengeneza, na mwaka 1962 ikafunguliwa kuwa makumbusho. 2011 ikaingia katika orodha ya Urithi wa Dunia. Lamu nayo ngome yao ilimalizwa mnamo 1821 kwa msaada wa Seyyid Said, baada ya vita vya Shela, na ikawa jela kutoka 1910 hadi 1984.

Hebu itazameni miaka hiyo ya jela. Hata neno lenyewe gereza, wataalamu wa lugha wanatwambia limetokana na neno la Kireno la kanisa, na kwenye pwani yetu likawa jina la ngome kabla ya kuwa jina la jela. Kilwa Kisiwani ngome yao mpaka leo inaitwa Gereza. Ni jambo chungu kulisema mbele ya watu ambao baadhi yenu mumelala jela za siasa, lakini jela ndiyo iliyoyahifadhi mengi ya majengo haya. Serikali haiwezi kuwaweka wafungwa katika nyumba isiyo na dari wala mlango. Ilibidi paa lizibwe, ukuta utengenezwe, funguo ziwe na mwenyewe. Jengo likiwa na kazi ya kila siku, linatunzwa hata na watu wasiolipenda.

Lamu walilielewa hilo kuliko wengine. Jela ilipoondoka 1984, Makumbusho ya Taifa ya Kenya yalikabidhiwa ngome, Denmark ikasaidia matengenezo, na hawakuifanya sanduku la vioo la kutazamwa na wageni peke yao. Waliweka maktaba, wakaweka ukumbi, watu wakafanya mikutano yao mle ndani, na uwanja wa mbele ukabaki vile vile, soko liko hapo hapo na wazee wamekaa kivulini. Mtu wa Lamu akiona ufa katika ngome ile ameona ufa nyumbani kwake. Ngome Kongwe ya Unguja nayo imepita katika mengi, ilikuwa jela, ikawa karakana ya garimoshi la Bububu, ikawa klabu ya wanawake, na sasa ni uwanja wa tamasha la filamu tokea 1998 na Sauti za Busara tokea 2004. Wako wanaochukizwa na ngoma mle ndani. Mimi pia kuna usiku fulani ningelipunguza sauti. Lakini pana watu, na penye watu pana fagio.

Upande wa pili ni Kilwa. Kisiwani kuna watu wachache, mji wenyewe ulihama, na bahari ikala ile ngome kwa upande wa ufukweni hadi ukuta ukaangukia majini. Kilwa ilikuwa Urithi wa Dunia tokea 1981, cheti kiko ukutani, na bado mwaka 2004 ikawekwa katika orodha ya walio hatarini, ikatoka 2014 baada ya kazi kubwa. Cheti hakimgeuzi mgonjwa.

Na Beit al-Ajaib. Hapo nnaomba tuzungumze kwa utulivu, maana watu walikufa. Jumba la Sayyid Barghash la 1883. Mwaka 2012 sehemu ya roshani ikaanguka. Likafungwa. Tukaandika sana sisi tulio nje, tukalaumu sana. Fedha zikapatikana kutoka Oman, fedha nyingi, kazi ikaanza, na tarehe 25 Disemba 2020, wakati mafundi wamo ndani, upande mmoja na mnara wa saa ukaporomoka. Wafanyakazi wawili wakafariki. Mimi siyo mhandisi na sitamhukumu mtu. Ninachosema ni kwamba fedha nyingi zilifika baada ya miaka mingi ya kutokuwepo fedha kidogo. Wodini tunawajua wagonjwa wa namna hiyo, wanaletwa na ndege, wanapewa kila kitu, na familia haifahamu kwa nini wamechelewa.

Sasa niwarudishe hapa Toronto, maana wako wanaosema hayo ni mambo ya nchi zetu na Wazungu hawana shida hiyo.

Chukueni treni pale stesheni tuliyozoea kuiita Downsview, ambayo tokea 2017 jina lake ni Sheppard West, mushuke mjini mukaitazame Fort York. Ilianzishwa 1793. Tarehe 27 Aprili 1813 Wamarekani walishuka kutoka ziwani, Waingereza wakaona wanashindwa, wakalipua ghala lao la baruti, na jenerali wa Kimarekani Zebulon Pike akafa kwa mripuko ule. Ngome ile ilikuwa ufukweni. Leo ukisimama hapo huoni maji, kwa sababu mji ulifukia ziwa ukasogea mbele. (Lamu pia ni hivyo hivyo, ngome ilikuwa kwenye maji, sasa iko katikati ya mji.) Ikazungukwa na reli, viwanda na machinjio. 1934 ikafunguliwa upya kuwa makumbusho. Halafu, mwishoni mwa miaka ya 1950, mji ulipokuwa unajenga barabara kuu ya Gardiner, ramani ilipita juu ya ngome. Wakubwa wakatoa wazo la busara sana kwa masikio yao: ngome ihamishwe jiwe kwa jiwe ipelekwe ufukweni, si kwao ni huko? Wananchi na vyama vya historia wakakataa. Walikuwa watu wa kawaida, na Frederick Gardiner mwenyewe ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mamlaka ya mji. Akashindwa. Ile barabara ikakunjwa. Mukipita na gari hapo mutaiona inavyokata kona, na kona hiyo ni watu waliosema hapana. Tokea 2018 chini ya barabara ile ile kuna mahali pa wazi, the Bentway, watoto wanateleza kwenye barafu wakati wa baridi.

Na hapa hapa tulipo? Uwanja wa ndege wa Downsview umefungwa 2024. Humu ndani ya viwanda vyake zilitengenezwa ndege za Mosquito wakati wa vita vya pili vya dunia. Sasa panajengwa mji mpya, na wenyeji wanakaa vikao kujadili mabanda gani ya ndege yabaki na yafanywe nini. Sisi tunaoishi hapa ni wenyeji pia. Tunapata barua za mikutano hiyo milangoni mwetu, na wangapi tumekwenda? Watu wanaoogopa kukaa kikao cha mabanda ya Downsview wana ushujaa mkubwa wa kuilaumu SMZ kwa simu.

Nnarudi Pemba. Kuna hoja nyengine inayosemwa pembeni, haisemwi kwenye kipaza sauti, kwa hivyo nitaisema mimi. Wanasema ngome ni za Wareno na Waarabu, ni za waliotutawala, tuziache zife. Ndugu zangu, nani aliyeyabeba yale mawe? Matumbawe hayakujitoa pwani yakapanda kilima. Tanuu la chokaa lilichomwa na watu, mikoko ilikatwa na watu, na wengi wao hawakulipwa kitu, na wengine walikuwa watumwa. Aliyetoa amri jina lake limeandikwa. Aliyebeba hana kaburi linalojulikana, ana ukuta ule tu. Tukiuacha ukaanguka tumemfuta yeye, yule bwana atabaki vitabuni.

Wala hatukusubiri wageni kuja kutufundisha kujenga boma. Kusini-mashariki ya Chake, Pujini, kuna magofu ya Mkama Ndume, ya karne ya 15, kabla Mreno hajaonekana pwani hii. Wazee wanasema jina lake ni la kukamua, kwamba aliwakamua wanaume, akiwabebesha mawe vichwani huku wanakwenda kwa kuchutama. Na kila mtoto wa Pemba anajua hadithi ya kisima chake chenye ukuta katikati ili wake zake wawili wasikutane wakati wa kuteka maji. (Mama zangu munacheka, mumewaona wanaume wa namna hii.) Adria LaViolette wa Marekani na wenzake walipachimba katika miaka ya 1990, na ni mahali pa kipekee kabisa katika pwani nzima. Lakini mukiwauliza watoto wetu waliozaliwa Toronto wawatajie ngome moja, watataja Fort York, walipelekwa na skuli.

Wengine munasema tumkodishe muwekezaji. Mambo Msiige pale Shangani, jumba la katikati ya karne ya 19, lilitolewa kwa hoteli, hoteli ikafunguliwa 2015, na Kamati ya Urithi wa Dunia ikalalamika kwa ukubwa wa jengo jipya lililoongezwa. Nakubali kwamba jumba halikuanguka. Dari yake haivuji. Lakini mtoto wa Shangani hawezi kuingia mle mpaka awe amevaa sare ya kazi, na sidhani kama huko ndiko kuhifadhi. Unguja angalau wana Mamlaka ya Mji Mkongwe tokea 1985, ambayo hupiga kelele hata inapopuuzwa. Mamlaka hiyo ni ya Mji Mkongwe, haivuki bahari kuja Chake.

Basi nnaomba nini? Akiba iliyopo igawiwe mafungu matano. Manne yaende spitali kama munavyotaka, lakini kwa sharti kwamba tusinunue mashine yoyote isiyo na vipuri vya miaka mitatu na mtu wa kuitengeneza, na kwamba tuwaulize kwanza manesi wa kule wanakosa nini. Nina yakini kwamba hawatasema mashine, watasema glovu, watasema shuka, watasema taa ya chumba cha kuzalishia.

Fungu la tano liwe la matunzo ya ngome, na lisiguswe kwa ujenzi. Watu arobaini kati yetu wakitoa dola kumi na tano kwa mwezi, ni dola mia sita, kwa mwaka ni 7,200. Kwa fedha za huku hiyo ni kahawa ya asubuhi. Kwa kule ni mtu wa kupanda juu ya ukuta kila mwaka kabla ya masika na kung'oa miche ingali midogo, ni chokaa ya kuziba juu ya ukuta, na ni posho ya fundi mzee mmoja anayejua kuichoma na kuilowesha chokaa, awe na vijana wawili wa kumfuata, kwa sababu akifa yeye na elimu yake imekwenda. Tusifanye kitu bila ya Idara ya Makumbusho na Mambo ya Kale. Jengo ni la serikali, na mtu wa nje anayeingia na ngazi yake bila ya barua anaomba kufukuzwa. Tuwaandikie barua ya adabu tuwaulize wao wana mpango gani, tungoje jibu, na lisipokuja tuandike tena. Siyo kwenye mitandao kwanza.

Halafu iwe na kazi. Siku moja kwa wiki vyumba vile viwe vya watoto wa skuli za Chake bila ya kulipa. Na ukuta mmoja uwe wa spitali. Nnasema kweli. Tuweke historia ya spitali mle ndani, wakunga wa mwanzo, daftari za wazazi kama zipo, picha za wauguzi waliofanya kazi juu ya misingi ile. Wamama wanaongoja wagonjwa wao hapo jirani wana saa nyingi za kungoja na hawana pa kukaa penye kivuli.

Na kuna jambo moja ambalo halitaki hata senti. Humu ndani mumo wazee walioiona Chake ya miaka ya 1950, wanaokumbuka nani alikaa wapi na ngome ilikuwa na hali gani. Mimi nna likizo wiki mbili za mwanzo wa mwezi ujao na nna kinasa sauti. Nitakuja majumbani, nitakaa, nitasikiliza, chai nitaipika mwenyewe. Jina la kwanza katika orodha yangu ni la mama, na amekwisha kunambia hakumbuki kitu, jambo ambalo kila mtu humu anajua kuwa si kweli.

Mwenyekiti, hayo ndiyo niliyokuwa nayo. Kabla ya kura, naomba apewe nafasi yule mzee wa nyuma. Ameinua mkono tokea nilipotaja saruji, na nnavyojua alikuwa muashi Wete.